Kwenu Siku Huanza Lini?

"Leo saa hii ya simu isiposema kweli, nawaandikia tena mafundi wake," alisema Bi Tunu, akaweka simu mbele ya mumewe.

Shomari, asiyeona, alicheka. "Wanajitolea tu, mke wangu. Utawasumbua mpaka lini?"

"Si wenyewe wameandika programu ni ya wote?"

Hakusahau ilivyoanza. Programu hiyo ya saa inayosema ilitangaza "saa saba asubuhi" jua likiwa ndiyo kwanza limechomoza, na Shomari akachanganya saa za dawa zake. Bi Tunu alipolalamika, mafundi walijibu si kosa, wakalifunga lalamiko. Akalifungua. Wakalifunga. Ndipo fundi mmoja wa mbali, badala ya kulifunga tena, akauliza: "Mama, kwenu siku huanza lini?"

"Jua likichomoza. Kwenu huanza watu wamelala?"

Sasa jua liligusa kizingiti. Simu ikatamka: "Saa moja asubuhi."

Bi Tunu akapiga kigelegele hadi majirani wakachungulia. Kisha akavaa miwani, akafungua ukurasa wa malalamiko.

"Tena?"

"Nawashukuru kwanza. Halafu hiyo sauti, mbona kama ina mafua?"

Shomari akacheka, na mkono wake, bila kuongozwa, ukaenda kwenye kikombe cha dawa.