Dawati la Nyuma

Mkono wa yule binti ulikuwa juu tena, na mwalimu wa darasa akaupita kwa macho kama vile haupo. Akamtaja mtoto wa dirishani, ambaye hata hakuwa amenyoosha. Mkono ukashuka polepole. Kijana aliyebanana na binti huyo kwenye dawati la mwisho, magoti yakigonga mbao, akahisi moyo ukimchoma.

Kijana mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa ualimu. Chuo kilimpeleka mji asikokuwa na ndugu wala jamaa, akae darasani aone wenzake wanavyofundisha kabla hajashika chaki. Watoto, ambao hawakosi jina la kumbandika mtu, walimwita Mwalimu wa Nyuma. Ofisini hakuitwa chochote. Walimu walimsalimia vizuri, jamani, hawakuwa watu wabaya. Kisha wakarudi kwenye maongezi yao ya miaka nenda miaka rudi, naye akabaki anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Jioni alirudi kwenye chumba cha kupanga, akala amesimama, maana kutenga sahani moja mezani kulimtia simanzi. Wiki ya kwanza haijaisha, alikuwa amefungasha begi ili atoroke, akalifungua, akalifungasha tena.

Kujifunza, alijifunza. Mwalimu wa darasa, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, alikuwa fundi kwelikweli. Aliuliza swali kwanza, akanyamaza, ndipo akataja jina, ili kila kichwa kifanye kazi. Hakupiga kelele, wala hakutaka kuonekana ana kipenzi darasani. Mtukutu alipoanza vituko vyake, mwalimu alimsogelea tu, akaendelea kusoma akiwa amesimama kando yake, na vituko vikaisha. Alijua nani amekuja na njaa na nani viatu vinambana. Sasa mtu mwenye jicho kama hilo, anamsahauje mtoto mmoja?

Hakumsahau. Alimtenga, na kijana alikuwa na hakika, kwa sababu alishuhudia. Siku ile ya kwanza, kipindi hakijaanza, mwalimu alimwita binti kutoka dawati la mbele, akamnong'oneza jambo. Binti akatikisa kichwa kukataa. Akanong'onezwa tena, safari hii kwa kukaziwa macho. Basi akakusanya vitu vyake, akaja nyuma amenuna, akajitupa pale alipokaa kijana. Tangu hapo hakurudi mbele, na hakuulizwa swali hata moja.

Na majibu alikuwa nayo! Alipochoka kunyoosha mkono aliyanong'ona pembeni, na yote yalikuwa sahihi. Wakazoeana. Alimchongea kijana penseli, akamwonyesha ni mtoto gani anaigiza kuumwa tumbo siku za hesabu.

"Mwalimu, leo umekula?" alimwuliza asubuhi moja.

"Nimekula. Na wewe?"

"Mimi nakula kila siku," binti akajibu, akimshangaa.

Kijana alikuwa akiwahi shuleni ili kukikimbia kile chumba, na kila alipofika alimkuta binti keshafika, anafuta ubao peke yake. Jioni alimwacha kibarazani, wenzake wote wameshaondoka. Maskini, akasema moyoni, huyu hana wa kumharakisha nyumbani. Akampenda kama mdogo wake wa damu. Kusema kweli, huyo ndiye mtu pekee aliyezungumza naye katika mji mzima, na kwa ajili yake begi likabaki chini ya kitanda.

Wiki ya mwisho uvumilivu ukamwishia. Alama zake zote zilikuwa mikononi mwa mwalimu wa darasa. Akimuudhi, anarudia mwaka mzima, na nyumbani hakuna ambaye angemlipia tena. Hata hivyo alimfuata kwenye korido.

"Mwalimu, samahani. Yule binti wa nyuma amekosa nini?"

"Kwani kuna nini?"

"Humwulizi kitu. Anakaa kule kama hana mwenyewe."

Mwalimu akaweka daftari zake kwapani. "Yule niachie mimi," akajibu, akashika njia.

Niachie mimi! Kijana aliyarudia maneno hayo kwa hasira mpaka chumbani kwake.

Kesho yake ilikuwa zamu yake kufundisha. Mwalimu wa darasa alisimama mlangoni na kalamu, tayari kumpa alama. Kule nyuma binti alikuwa amebaki peke yake kwenye dawati, na kumwona vile kukamkata maini kijana wa watu. Akauliza swali, akanyamaza kama alivyofunzwa, kisha akamwelekezea mkono yeye. Binti akasimama, akajibu bila kukwama.

"Safi sana!" kijana akasema. "Sasa beba mkoba wako uje huku mbele. Kuanzia leo hapa ndipo pako."

Pale mlangoni kalamu ikasimama. Ndiyo basi, alama zimekwenda na maji, kijana akawaza, na potelea mbali.

Binti hakutikisika. "Siwezi, Mwalimu."

"Usiogope. Nani amekukataza?"

Akajikuna shingo, akaangalia chini, kama mtoto anayelazimishwa kutoa siri ya nyumbani.

"Mama. Alisema nikae huku mpaka siku utakayoondoka, kwa sababu ulipoingia ulionekana huna mtu." Akainua uso, akamtazama mwalimu wa darasa pale mlangoni. "Si ndivyo ulivyosema, mama?"