Sauti ya Mama Zawena

Sheria ilikuwa wazi: ukisoma kitabu hadharani saa thelathini mfululizo, mdhamini anainunulia hospitali mashine kumi za kutunzia watoto njiti, na sauti yako inakuwa mali yake. Wewe unavikwa kidude shingoni, kinakupa sauti nyingine.

Tunu alikuwa amebakiza kurasa mbili. Koo lilikuwa likimuwasha kama pilipili. Mumewe, Kombo, akapenya umati mpaka mbele ya jukwaa, mtoto wao begani.

"Mama Zawena, acha! Huyu hajatimiza hata mwaka. Atakujuaje?"

Tunu alimtazama mwanawe, naye alizaliwa njiti. Asubuhi aliyozaliwa, wodini kulikuwa na watoto kumi na mmoja na mashine moja. Akafunua ukurasa wa mwisho, akausoma wote. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

"Haya, shujaa wangu," Kombo alisema njiani, akijilazimisha kucheka. "Sema basi tukusikie."

"Nimechoka, Baba Zawena," akajibu, kwa sauti laini ya mwanamke wasiyemjua. Kombo akaongeza mwendo.

Nyumbani Zawena alilia. Tunu akampakata, akamwimbia wimbo wake wa kila siku. Mtoto akamsukuma kwa mikono miwili, akazidi kulia.

Mara jirani akawasha redio, na sauti ya Tunu ikapenya ukutani, ikisifu sabuni ya kufulia. Zawena akanyamaza papo hapo. Akateleza kutoka mapajani mwa mama yake, akatambaa kuelekea ukutani, akicheka.