Mtoto wa Nyumbani Hadai Mshahara

Ligi ya raga ya mwituni iliweka kikomo: timu isilipe wachezaji wake zaidi ya vikapu mia vya majani kwa msimu, ila malipo ya mchezaji aliyekulia klabuni hayahesabiwi.

Swala, aliyekulia katika klabu ya Ngiri, alifurahi: sasa angeweza kulipwa bila kikomo kuvunjwa. Kwa miaka saba alikuwa akila makombo, maana Mwenyekiti Ngiri alikuwa akimwambia, "Mwanangu, mtoto wa nyumbani anamdai baba yake mshahara?"

Ngiri alifurahi zaidi. Alimleta Kifaru kutoka ng'ambo ya mto kwa vikapu tisini, akamwandikisha kuwa amekulia hapo.

Mbuni, mkaguzi wa ligi, alipofika, Kifaru aliapa. "Nimelelewa hapa hapa, mzee."

Swala akamkumbatia. "Karibu nyumbani, kaka! Sisi watoto wa Mzee Ngiri hatulipwi. Mechi ikiisha tunafua jezi, ndipo tunapewa makombo."

"Makombo?" Kifaru alishtuka. "Mimi kwetu ng'ambo! Mama yangu yuko huko mpaka leo!"

Mbuni akamfuta jina.

Jioni Ngiri alimkuta Swala mtoni, maji yamemfika magotini. "Mwanangu, unakwenda wapi na mechi ni kesho?"

"Ng'ambo, baba. Nakwenda kuwa mgeni, nasikia wageni wanalipwa."