Dawa ya Mzee Zachariah

Lebo ya Mzee Zachariah ilikataa kubanduka. Perez aliilowesha kwa mate, akaikwangua taratibu kwa ukucha, na ilipotoka alikuwa akihema kama mtu aliyekimbizwa. Akaibandika kwenye boksi la dawa la mama yake. Ya mama yake akaibandika kwenye boksi la Mzee. Kisha akayarudisha yote mawili rafuni.

Kazi ile haikuwa yake. Katika utafiti wao, anayetunza stoo ya dawa hakuruhusiwa kuwahoji wagonjwa, na anayewahoji, kama Perez, hakuruhusiwa kujua nani anakunywa nini. Lakini Lennox wa stoo alishikwa na malaria kabla dawa hazijaanza kutolewa, na Profesa Munene akamwomba Perez amshikie kwa siku moja. Siku moja ilitosha.

Katika maabara ya chuo, Perez alikuwa ameichunguza ile molekuli mpya hadi akaiota. Mofini hukaa kwenye vipokezi, vile vijilango vya seli, kisha hutuma ujumbe wa aina mbili: mmoja hutuliza maumivu, mwingine hufunga tumbo na kupunguza pumzi. Hii mpya ilikaa kwenye mlango uleule, ikatuma ujumbe wa kwanza, wa pili ikaunyamazia. Perez aliiamini kwa moyo wote.

Sasa ilikuwa imewafikia watu: wagonjwa sita wa saratani katika wodi moja. Watatu wangepewa dawa mpya na watatu mofini. Waliambiwa dawa ni mbili. Hawakuambiwa nani amepata ipi. Kompyuta ilimchagulia Mzee Zachariah, mkulima wa Yamumbi, dawa mpya. Ikamchagulia Emmaculate, fundi wa nguo wa Huruma, mofini.

Emmaculate alikuwa mama yake Perez. Walilificha hilo, maana lingejulikana, mmoja wao angeondolewa. Mofini alikwisha kuitumia nyumbani, na Perez alikwisha kusimama nje ya choo akimsikia akilia kwa tumbo lililofunga siku baada ya siku. Hakuweza kuvumilia kukisikia tena kilio kile.

Wiki zilipita.

"Mama, maumivu leo ni ngapi? Sifuri mpaka kumi."

"Weka tatu. Na tumbo liko sawa kabisa. Hilo andika kwa herufi kubwa!"

Wodi nzima ikacheka. Perez aliona mashavu ya mama yake yakirudi, akaona macho yakichangamka, na furaha ile ikamchoma, kwa sababu alijua ilikotoka. Akahamia kitanda cha pili.

"Wewe daktari mdogo," Mzee Zachariah alisema, "kila siku unaniuliza maumivu kama mtu anayeuliza bei ya mahindi. Haya, leo gunia limepanda. Andika sita."

"Na tumbo, Mzee?"

"Tumbo ni mambo ya mtu na Mungu wake."

Perez hakucheka. Aliona mashimo ya macho yake yakizidi kuzama. Aliona kikombe kikitetemeka mkononi. Kila tetemo alilihesabu kuwa lake yeye.

"Mbona unaniangalia kama ng'ombe aliyekwisha kuuzwa?" Mzee akamtania. "Niko hapa bado."

Ijumaa Mzee alitapika chai yake yote. Perez ndiye aliyemshikia beseni. Alipomaliza kumfuta mdomo, Mzee akamwekea mkono kichwani, akamwombea baraka: apate shahada yake, apate mume mwenye akili, azae watoto wasiomsumbua. Perez alitoka hadi kwenye korido, akauegemea ukuta, akashindwa kusema amina.

"Hata wewe wamekuombea?" muuguzi Kiarie akamuuliza akipita na sinia. "Hawa wamekuwa kanisa. Nikishawapa vichupa vya dawa asubuhi wananitoa nje, wanafunga mlango, ati wasali kwanza. Kipkorir wa dirishani ndiye pasta."

Jumapili nzima Perez hakula. Akisema ukweli, Profesa angemfukuza, na hilo angelivumilia. Lakini mama yake angetolewa katika utafiti, arudishwe kwenye mofini, arudi kule chooni. Akinyamaza, Mzee angekufa akiteseka kwa mateso yasiyokuwa yake, huku akimwombea mume.

Jumatatu alidamka na uamuzi. Angemwambia Mzee kwanza, ana kwa ana, amwombe msamaha. Kisha angekwenda kwa Profesa.

Mlango wa wodi ulikuwa umefungwa. Alisubiri wamalize kusali. Lakini ndani hakusikia sala. Alisikia kijiko kikigonga plastiki, na mtu akicheka. Akausukuma mlango.

Wote sita walikuwa wameizunguka meza. Vichupa vilikuwa vimelala vitupu. Mama yake alikuwa ameshika jagi, akimimina kikombe baada ya kikombe, akiinama kulinganisha kwa jicho la fundi asiyetaka upindo uende upande.

"Ongeza hapa, Emmaculate," Mzee Zachariah alikuwa akisema. "Pasta amenizidi."

Kisha akamwona Perez.

"Mzee," Perez alianza, "nimekuja kukuambia, dawa yako..."

"Funga mlango kwanza, Kiarie asituone." Mzee akapokea kikombe chake kwa mikono miwili. "Mlisema wengine watapata nzuri, wengine ile ya zamani. Sasa watu wanaolala chumba kimoja watawezaje kunywa namna hiyo? Tunachanganya, daktari. Tangu siku ya kwanza."