Albamu ya Mwisho ya Kutu

Makungu, mpiga ngoma wa bendi ya Kutu, alikaa dukani nyuma ya rundo la kaseti za albamu yao ya mwisho, tai imemkaba shingoni. Tangu asubuhi haikununuliwa hata moja. Kando yake, mwimbaji wao Shomvi aliwatukana wapita njia.

"Washamba hawa. Wanajua nini kuhusu muziki?"

Ni Shomvi huyo huyo aliyeyaondoa magitaa yao ya kukwaruza, akaweka vinanda laini ili nyimbo zao zipigwe redioni.

Mwishowe aliingia mwanamke mmoja, akatoa mkobani kaseti yao ya kwanza, akaomba sahihi.

"Na hii mpya?" Shomvi akauliza.

"Niliisikia redioni, kaka. Nikadhani tangazo la sabuni."

Makungu akacheka mpaka akakohoa.

"Unacheka nini?" Shomvi akamfokea. "Si na wewe umepiga?"

Kicheko kikamkauka. Ni kweli alipiga nyimbo zote kumi, wala hakuvipinga vile vinanda. Mwanamke alipotoka, akaivua tai, akamfuata mpaka barabarani.

"Dada, samahani. Niazime hiyo siku moja tu. Mimi mwenyewe sina tena."

Mwanamke akamtazama kuanzia viatu vyake vilivyong'arishwa hadi usoni, kaseti ameikumbatia kifuani.