Akiamka Mkavu

Hata siku za mvua godoro la Muaz lilitolewa nje. Jua likikosekana, Bi Fakhriya alilisimamisha kwenye roshani ya ghorofa ya tatu na kulipepea kwa kipande cha boksi, huku Mtaa wa Sikukuu ukipiga kelele chini yake: wauza mabegi, vipaza sauti vya punguzo la bei, wasukuma mikokoteni wakiomba njia. Watu wote hao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa wake.

Wake alikuwa Muaz, mjukuu wa miaka mitatu na ushee. Mume alikwishafariki, watoto wa kiume walihamia Muscat, na binti yake Shaima, mama wa Muaz, aliolewa mara ya pili huko Tanga. Mume mpya hakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa mama mkwe: nyumba yake ni ya swala, mazulia hadi ukutani, hataki najisi. Mtoto karibu sana, ila aje akiwa ameacha kukojoa kitandani.

Mchana Muaz alishaacha. Alikimbilia chooni bila kuambiwa, akatoka na kaptura mkononi akitangaza, "Mwenyewe!" utadhani ameshinda uchaguzi. Kazi ilikuwa usiku.

Kila asubuhi simu iliita.

"Vipi, Mama? Kaamka mkavu?"

"Bado, mwanangu. Godoro liko nje."

"Haya. Inshallah kesho."

"Inshallah," Fakhriya alijibu, na neno hilo lilimkaa vibaya kinywani.

Si kwamba hakufundishwa la kufanya. Jirani wa mlango wa pili, Scholastika, mama wa Kisongea mwenye meza ya mashuka ya mtumba kwenye soko la Mchikichini, alimpa mbinu zote: mtoto asinywe kitu baada ya Magharibi, apelekwe chooni kabla ya kulala, aamshwe usiku mara moja. Fakhriya alizifuata zote, neno kwa neno.

"Shikamoo, Bi Fakhriya. Bado tu?" Scholastika aliuliza siku moja, akiliinamia godoro.

"Marahaba. Bado."

"Ila una bahati. Wangu alikuwa akikojoa, ghorofa nzima inapata habari. La huyu halinuki hata kidogo."

"Anakula vizuri," Fakhriya alisema, akaligeuza upande wa pili.

Moyoni alikuwa na hofu, na mbele ya Mola wake hakuificha. Siku Muaz atakapokwenda Tanga, yeye atabaki na vyumba vitupu na saa ya ukutani. Alimpenda binti yake. Alijua fika kwamba mtoto ni wa mama yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye alimzaa huyo mzazi. Lakini ile pumzi ndogo ya chumba cha pili ndiyo iliyomletea usingizi, na bila hiyo hakujua angelalaje.

Ijumaa moja Shaima akatokea bila taarifa, ameshuka basi la Tanga na begi tupu.

"Leo nalala naye mimi," alisema. "Huenda anamhitaji mama yake tu."

Jioni alimpakata. "Kesho ukiamka mkavu, baba, tunaenda Tanga. Kuna baiskeli yako kule."

"Na Bibi?"

"Bibi atabaki kulinda nyumba."

Muaz akageuka kumtazama bibi yake. Fakhriya akajifanya anatafuta miwani.

Kabla ya kulala mtoto alikimbilia chooni, na ile "Mwenyewe!" ikasikika hadi sebuleni. Akarudi na kikombe chake chekundu cha plastiki, ambacho hakuwa akiachana nacho tangu asubuhi hadi jioni, akitembea taratibu mno kwa mtoto wa mbio kama yeye. Shaima hakumwona. Alikuwa amejitandikia mkeka kando ya kitanda, anakunja vishati vya mwanawe na kuvipanga ndani ya begi. Kisha mlango ukafungwa.

Alfajiri Fakhriya alitawadha kama kawaida, akaenda hadi chumba cha mtoto kama kawaida, akashika kitasa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akarudi kuswali, na baadaye hakukumbuka alisoma sura gani.

"Mama," Shaima aliita jua lilipochomoza.

Godoro lilikuwa limelowa katikati, doa kubwa la duara.

"Nisamehe, Mama," alisema. "Nilikuwa nadhani unanidanganya."

Shaima alivitoa vishati kwenye begi kimoja kimoja, akavirudisha kabatini, akambusu mwanawe, akaondoka kuwahi basi. Alilia ngazini, na mama yake alimsikia hadi alipofika chini.

Fakhriya akalikokota godoro hadi kwenye roshani. Kabla ya kulisimamisha aliinama akalinusa lile doa. Halikunuka kitu. Akaketi palepale sakafuni.

Muaz alikuja na kikombe chake chekundu, akajibana ubavuni pake, akamnong'oneza:

"Bibi, hukuja. Leo nimemwaga mwenyewe."