Kidonge Kwenye Panja

Nukta nyeupe ilitokea upande wa kulia wa skrini, na moyo ukampiga paa mpiga picha.

Kile kilikuwa kidonge cha mafuta ya samaki alichombandika bibi mmoja mgonjwa kwa plasta kwenye panja la kulia, kando ya jicho, kama anavyombandika kila mgonjwa, ili picha za ubongo zisichanganye pande. Skrini humwonyesha mgonjwa kana kwamba mmetazamana, kulia kwake kukawa kushoto kwako. Basi ama mashine imegeuza picha, ama yeye mwenyewe amekosea panja. Na daktari alikuwa akizisubiri picha hizo achore pa kupasua.

Zamani angemuuliza mwenzake. Siku hizi katika chumba kile alikuwa peke yake, na nyumbani vilevile.

Akatoka mbio hadi ukumbini. Wenye ndugu walikuwa wameshachukuliwa. Bibi alibaki kwenye benchi, mkoba mapajani, na kidonge bado kimemganda. Panja la kulia.

Mpiga picha akashusha pumzi. Mashine ndiyo iliyogeuza.

"Bibi, mbona hukukitoa? Nilikwambia ukishavaa ukibandue."

"Nilisikia, mjukuu wangu." Bibi alikuwa akiutazama mkoba wake. "Nikasema nikikiacha, huenda ukaja kukitoa."

Mpiga picha akaketi kando yake, akaanza kuibandua plasta kwa ukucha, taratibu kuliko ilivyohitajika.

Chumbani, simu ikaanza kuita; bila shaka ni daktari. Akaiacha iite.